Ukuta wa mwenye nyumba, vioo vyangu

Wiki hii nazungumza na nyie mnaolala kwa mkataba wa miezi 6 na kuamka kwa wasiwasi wa kodi. Mwenye nyumba yake naye asikimbie, habari ya vioo inamhusu, ila hii sehemu ya kwanza avumilie tu.

Huku Tabata ninakokaa kuna shosti mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwaka jana alipata vijisenti vya kibubu akasema jamani, nimechoka na ukuta wa jiko langu unaonuka samaki wa juzi. Akaita fundi, akanunua zile marumaru ndogondogo za kioo zinazouzwa zimeshabandikwa kwenye wavu, kila karatasi sentimita 30 kwa 30, akapigiwa ukuta mzima wa nyuma ya jiko. Bluu ya bahari, imechanganyika na nyeupe. Aisee, ilipendeza, usipime. Tulikuwa tunakwenda kuazima chumvi makusudi ili tukaione.

Mwenye nyumba wake alikuja siku moja kuangalia mita ya Luku. Akachungulia jikoni, akatabasamu, akasifia. Mkataba ulipokwisha, kodi ikapanda elfu 50 kwa mwezi. Alipouliza kulikoni, jibu likawa jepesi: nyumba sasa ina hadhi. Hadhi aliyoiweka nani? Basi bwana, shosti akashindwa, akafunga mizigo. Kitanda alibeba, friji alibeba, hata bomba la pazia alifungua. Ukuta ukabaki. Na kinachoniuma mimi siyo kodi, ni kwamba haikupita wiki dalali akawa anaipigia debe nyumba ile ile kwa sifa moja: jiko la kisasa, vioo ukutani.

Msije mkasema akashitaki. Ashitaki nini? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yenyewe inahesabu jengo na kila kilichojengewa kabisa kwenye ardhi kuwa ni sehemu ya ardhi. Sasa kigae ulichokishindilia kwa gundi ya saruji kwenye ukuta wa mtu, utasema ni chako kwa ushahidi upi? Na ukisema ukibandue, kwanza kitavunjika, pili utabomoa plasta, tatu utadaiwa plasta.

Kwa hiyo nilipoamua na mimi jiko langu lipate sura, nilijiwekea sharti moja tu. Siku nikihama, ukuta wangu unapanda Kirikuu pamoja na godoro.

Kabla sijaingia kwenye ufundi, mtaniuliza kwani kuna ulazima gani. Wapo wanaodhani haya ni mambo ya kina dada wa ushuani wanaopika mara moja kwa mwezi. Ninyi mnaopika kila siku mnajua. Ukikaanga kitunguu, mafuta yanaruka. Nyanya inaruka. Binzari ndiyo usiseme, ikishagusa rangi ya maji haitoki mpaka upake upya. Nyumba nyingi za kupanga ukuta wa jiko umepakwa rangi ya maji ya bei ya chini, ukiufuta kwa kitambaa kilicholowa rangi inatoka na kitambaa. Kioo hakinywi mafuta. Unapitisha kitambaa chenye sabuni, kwisha. Halafu kwenye yale majiko yetu ya kupanga, chumba kama kabati na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, kioo kinarudisha mwanga kidogo, mtu unaona unachokikoroga.

Wala tusidanganyane kuwa ni mtindo uliokuja na majarida. Kuba la Mwamba kule Jerusalem, lililokamilika mwaka 691 au 692, ndani limepambwa kwa vipande vidogo vya kioo mpaka leo watu wanasafiri kwenda kuvitazama. Barcelona kuna bustani ya Park Güell, iliyojengwa kati ya mwaka 1900 na 1914, ambako bwana Antoni Gaudí alipamba mabenchi kwa vigae vilivyovunjika. Na sisi hatukuwa nyuma. Nenda Kunduchi hapa hapa Dar, kwenye magofu. Kuna makaburi ya nguzo ambayo wenyewe waliyapamba kwa kupachika bakuli na sahani za kaure kutoka China. Mtu wa Pwani alijua zamani kwamba chombo kinachong'aa kikipachikwa ukutani kinasema kitu kuhusu mwenye mahali. Ila yeye alipachika mahali ambapo hana mpango wa kuhama. Hapo ndipo tulipotofautiana.

Basi siri yenyewe ni hii: hubandiki kwenye ukuta. Unabandika kwenye vibao, halafu vibao ndivyo vinafungwa ukutani kwa skrubu.

Ukuta wangu kati ya meza ya jiko na kabati la juu una urefu wa karibu mita 1.5 na kimo cha sentimita 60. Kibao kimoja kizima kingekuwa mzigo, kimezidi kilo 25, wanaume wawili wakibebe na bado kingegonga kwenye kona ya korido. Nikagawa vitatu, kila kimoja sentimita 49 kwa 60. Kikiisha kinakuwa na kilo 8 au 9, nakinyanyua mwenyewe. Fundi seremala wa mtaani alinishauri plaiwudi. Nikakataa. Plaiwudi na jiko la gesi ni kama petroli na kiberiti, na hata isiposhika moto, mvuke wa maharage utaivimbisha ndani ya mwaka. Nilichukua bodi ya saruji, ile inayotumika kwenye dari na kuta za kisasa, unene milimita 10. Haiungui, haivimbi, na gundi ya marumaru inaishika vizuri. Gerezani na Kariakoo inapatikana, na ukiwaomba wakukatie kwa vipimo vyako wanakukatia pale pale. Kubali, maana vumbi lake ukilikata nyumbani ni balaa kwa mapafu.

Sasa vioo. Ukiwa na mshiko, nunua zile za wavu, ni rahisi na zinakwenda haraka. Mimi mshiko sikuwa nao, na pia nilitaka kitu ambacho hakipo kwa mtu mwingine. Nikaenda kwa fundi alumini, hawa wanaotengeneza madirisha. Kwenye kila karakana yao kuna pipa la makombo: vipande vya kioo cheupe, cha bluu, cha kijani, cha kahawia, vilivyobaki baada ya kukata dirisha. Kwao ni takataka zinazokata watu miguu.

"Dada, hivi vipande vyote unapeleka wapi?" fundi akaniuliza. "Au kuna mganga kakuagiza?"

"Vinakwenda jikoni, kaka."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa. Lakini alinipa ndoo mbili kwa bei ya soda nne, na akaniazima kalamu ya kukatia kioo, ile wanayoiita daimondi. Na akanipa somo ambalo lina thamani kuliko ndoo zote mbili: kioo cha ubavuni mwa gari na kioo cha meza nyingi za sebuleni usikikate kamwe. Kile kimepikwa kwa joto na kupozwa ghafla kiwandani ili kiwe kigumu. Ukikichora na daimondi, kinachofuata ni mlio na punje kama za mahindi sakafu nzima. Kwa kazi hii unataka kioo cha kawaida cha dirisha, milimita 4.

Kukata ndiko kulikonichukua muda, na ndiko ninakotaka mnisikilize. Unakifuta kioo, unakiweka juu ya gazeti kwenye meza iliyonyooka. Unachovya ncha ya daimondi kwenye mafuta ya taa kidogo. Unaweka rula ya chuma, unavuta mstari mara moja tu, kwa mkono mmoja usiosita, kutoka ukingo mpaka ukingo. Utasikia mlio kama kitambaa kinachochanika. Usirudie mstari. Mtu akirudia anadhani anasaidia, kumbe anaharibu njia ya ufa na daimondi yenyewe. Halafu unaweka njiti ya kiberiti chini ya mstari, unabonyeza pande mbili kwa vidole gumba. Tak! Kinaachana kama biskuti. Unapata utepe wa upana wa sentimita 2.5, kisha unaukata huo utepe kuwa miraba.

Miwani ya fundi ni lazima. Siyo ya jua, siyo ya kusomea, ya fundi. Glovu, viatu vya kufunika vidole, na watoto wa jirani nje. Makali ya kila kipande yanapitishwa kwenye msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi magari, huku kipande na msasa vyote vimelowa. Kikavu vumbi lake linaingia kifuani. Ukimaliza usifagie tu, pangusa meza na sakafu kwa gazeti lililolowa, mara mbili, kisha vaa viatu siku mbili zaidi. Chembe ya kioo haina haraka, inakusubiri.

Kila kibao kilikuwa na mistari 18 kwenda pembeni na 22 kwenda juu, na mwanya wa milimita 2 kati ya kipande na kipande. Piga hesabu: vipande 396 kwa kibao, 1,188 kwa vyote. Jioni nne, redio ikiimba, mimi na daimondi. Wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama nimefungua karakana.

Pambo nililolitaka lilikuwa kichwani tangu mwanzo. Nilitaka kanga. Mnajua kanga ina mambo matatu: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maneno. Ukuta wa jiko ni mrefu na mfupi kwenda juu, umekaa kikanga kanga wenyewe. Pindo nikaliweka la bluu, vipande vitatu kwenda ndani, na nukta za kijani. Mji nikauweka wa kioo cheupe. Na jina?

Hapo nilikaa siku nzima. Kanga bila jina ni shuka. Jina la kanga linasemeshwa mtu, na mtu wangu nilikuwa namjua. Nikachukua karatasi za kufungia, nikaziunga mpaka zikalingana na ukuta, nikaandika kwa makapeni makubwa: NIKIHAMA TUNAHAMA WOTE.

Angalieni maneno hayo yalivyonisaidia. Kwanza ni matatu, kila neno likapata kibao chake, hakuna herufi iliyokatwa na mwungo. Pili, herufi zake karibu zote ni mistari iliyonyooka. N, I, K, H, A, M, T, W, E, hakuna tumbo hata moja, na U na O nikazipiga kona kama masanduku. Kukata duara kwenye kioo ni kazi ya mafundi wa kweli. Mimi nilikata vijiti vya nusu sentimita, vya kahawia, nikahesabu 59, basi. Kama jina lenu lina S na B na G, tafuteni jina jingine.

Tuje kwenye gundi, ambako kazi nyingi za vioo zinafia. Gundi ya marumaru ipo ya kijivu na ipo nyeupe. Kwa marumaru za kawaida ya kijivu haina neno, haionekani. Kioo kinaona mpaka nyuma. Ukibandika kioo cha bluu juu ya saruji ya kijivu, bluu inakufa, inakuwa rangi ya maji ya mfereji. Ukibandika juu ya nyeupe inawaka. Nunua nyeupe, na hakikisha mfuko wenyewe umeandikwa kuwa inafaa kwa kioo, kwa sababu kioo hakinywi maji na gundi ya kawaida inaweza kukiachia. Unaipaka kwa mwiko wa meno ili ienee sawa, kisha, na hapa mafundi wengi hawafanyi, unageuza mwiko upande ulionyooka na kulainisha yale matuta. Ukiyaacha, kioo cheupe kitakuonyesha mistari ya mwiko kila ukichemsha chai, miaka yote.

Uzuri wa kibao ni kwamba kimelala mezani. Ukutani vipande vinateleza kabla gundi haijakamata, unabaki unavisukuma juu kama mtu anayerudisha kuku bandani. Mezani unapanga kwa raha zako. Nilipaka eneo dogo dogo, kama ukubwa wa daftari, nikapanga, nikabonyeza kwa ubao uliofunikwa kitambaa ili vyote vikae usawa mmoja. Gundi iliyopanda juu kwenye mianya niliikwangua kwa njiti ikiwa bado laini.

Na kumbukeni matundu. Kabla ya gundi nilikuwa nimeshatoboa matundu 6 kwa kila kibao, manne ya pembeni na mawili katikati ya mbavu. Juu ya matundu hayo sikuweka vioo. Vibao vikabaki na mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikaviacha siku mbili. Najua mfuko unasema saa 24, lakini gundi iliyofunikwa na kioo inakauka polepole, na haraka ya nini.

Kisha grauti, ile ya kujaza mianya. Kwa mwanya wa milimita 2 chukua laini isiyo na mchanga, yenye mchanga inakwaruza kioo. Rangi? Dukani kijana alining'ang'aniza nyeupe. Nyeupe jikoni! Mwezi mmoja wa mchuzi wa nazi wenye binzari na unakuwa na grauti ya njano bila kuomba. Nikachukua ya kijivu cha majivu, ambayo haina shida na rangi ya kioo kwa sababu inakaa pembeni, haikai nyuma. Unaikoroga iwe kama ugali mlaini wa mtoto, unaisukuma kwa mpira kwa mshazari, ukienda sambamba na mianya mpira unaichota tena. Baada ya kama robo saa unapangusa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Kioo kitabaki na ukungu, usiogope, kesho yake kitambaa kikavu kinautoa. Ukungu ulipotoka ndipo nilipoyaona maneno yangu kwa mara ya kwanza sawasawa. Nilikaa chini sakafuni, nikayasoma, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kufunga ukutani ilikuwa kazi ya saa moja. Niliosha mafuta kwa sabuni na maji moto, nikazima umeme kwenye swichi kuu kwa kuwa kuna soketi pembeni, drili nikaazima na nikatoboa mchana kabla ya kuzima. Kwenye kila tundu unatanguliza fisha, kile kijiti cha plastiki, kisha skrubu isiyoshika kutu, na pima maji juu ya ukingo ili kanga isiende mrama. Vichwa vya skrubu vilipozama, nikavifunika na vile vioo 18 vilivyokuwa vinasubiri, kila kimoja kwa tone la silikoni badala ya gundi. Silikoni inashika, lakini siku ukitaka unaingiza kisu chembamba, inakubali. Miungo kati ya vibao na mstari wa chini unaogusa meza nayo nilijaza silikoni, maana pale pana mtikisiko, grauti ingepasuka.

Jiko lenyewe nikalivuta mbele kidogo lisiguse ukuta. Kioo cha kawaida hakipendi kuunguzwa upande mmoja huku upande mwingine una baridi. Vipande vidogo vinavumilia kuliko kioo kizima, ila msikilazie mwali wa gesi. Na wa jiko la mkaa mpikie nje kama kawaida, hata bila vioo moshi wake ndani ni hatari.

Haya, mwenye nyumba.

Mama wa watu alikuja mwisho wa mwezi. Ni mtu mzima, ana heshima zake, na sina ugomvi naye. Nikamkaribisha maji, akaja mwenyewe mpaka jikoni. Akasimama. Akatoa miwani kwenye pochi, akasoma neno kwa neno, midomo ikicheza.

"Mwanangu, haya umeyaandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mmh. Haya."

Akanywa maji, akaaga. Nikajisemea, ujumbe umefika salama.

Ulifika kweli. Jumamosi saa 3 asubuhi, nimevaa kanga na mswaki mdomoni, hodi. Dalali, na nyuma yake mtu na mkewe, wanataka kuona nyumba. Nyumba ipi? "Hii hii, sista. Mama kasema unahama." Yule mke ameshapita, yuko jikoni anashika vioo vyangu, anamwambia mumewe jamani baba nanihii, hili jiko ndilo. Na mumewe anauliza kama bei inajumuisha hivi vioo, na dalali, bila aibu, anajibu bila shaka.

Ndugu zangu, mkataba wangu ulikuwa na miezi miwili tu. Pa kwenda sikuwa napo. Kodi ya miezi 6 ya mahali pengine sikuwa nayo, nilikuwa nimeshainunulia gundi nyeupe. Sikungoja nimalize mswaki. Nilichukua kisu chembamba na bisibisi, mbele ya watu wote nikatoa vioo 6, nikafungua skrubu 6, nikakishusha kibao cha WOTE nikakiegemeza kwenye friji. Ukuta wa nyuma ukaonekana ulivyo, na doa lake la mafuta la mpangaji aliyenitangulia. Yule mke akasema aah. Wakaondoka kwa adabu.

Mchana nikapanda daladala kwenda kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshapata nyumba?"

Nikamweleza kwamba lile ni jina tu, kama jina la kanga. Akasema kanga anazijua tangu mimi sijazaliwa, na kwenye kanga mtu akikuandikia anahama maana yake anahama. Hapo sikuwa na jibu. Nikaona nizungumze biashara. Nikamwambia vile vibao vinafunguka, ukuta wake haukuguswa ila kwa matundu 18 ambayo nitayaziba kwa plasta siku nikiondoka, na nilikuwa naomba tuandikiane. Alitaka kwanza kujua kama kodi naweza kuongeza, kwa kuwa jiko limependeza. Nikamuuliza, mama, limependeza la nani? Akafikiri. Akacheka mwishoni, akamwita mjukuu wake alete kalamu.

Sasa kwenye mkataba wangu mpya, chini ya habari ya maji na taka, kuna mstari kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la 6: vibao vitatu vya vioo jikoni ni mali ya mpangaji, ataondoka navyo na ataziba matundu. Sahihi mbili. Kodi ni ile ile mpaka miezi 6 iishe. Nawaambia nyie, andikianeni kabla ya kutoboa, ukutani kwa mtu ukitoboa bila ruhusa unampa sababu bure.

WOTE kimerudi mahali pake. Dalali naye alipita juzi, nikadhani kaja kudai hela yake ya kuonyesha nyumba. Kumbe anaoa mwezi wa 12 na anataka kibao kimoja cha nyuma ya jiko, ila jina achague mwenyewe. Nimemwambia sawa, alete lisilo na S.